Bibi Hakatai Uji, Anaogopa Choo cha Usiku

Katika nyumba nyingi za kwetu choo kiko nje, upande wa pili wa ua, na usiku hakuna taa. Kijana hilo halimpi shida. Lakini mtu wa miaka 78 ambaye magoti yanamuuma, macho yana mtoto wa jicho, na jirani yake aliteleza njia ileile akavunjika nyonga, hupiga hesabu zake mapema. Kuanzia alasiri anapunguza. Chai ya saa kumi anakunywa nusu. Maji hayagusi. Uji wa jioni anapiga mafunda mawili na kusema ameshiba. Wanaomtunza wanatazamana, kisha mmoja anasema neno ambalo limewazuia wazee wengi kufikishwa hospitali: ni uzee.

Tufuatilie kinachotokea baada ya hapo. Maji yakipungua mwilini, utumbo mpana unafyonza hata yale machache yaliyobaki kwenye kinyesi, na choo kinakuwa kigumu. Choo kisipotoka siku nne, tumbo linajaa, na mwenye tumbo lililojaa hasikii njaa. Asiyekula, mwili wake huanza kujilisha kwa misuli yake mwenyewe, na miguu hulegea. Miguu ikilegea, safari ya chooni inazidi kuwa ya hatari, naye anazidi kujinyima. Miezi michache ya mzunguko huo inaweza kumlaza kitandani mtu aliyekuwa akitembea mwenyewe hadi msikitini au kanisani, na hakuna kipimo cha maabara kitakachosema kwamba yote yalianzia kwenye ua usio na taa.

Sikatai kwamba umri una mchango wake. Ladha na harufu hufifia, tumbo huchelewa kukishusha chakula, na mtu hushiba upesi kuliko zamani. Hata hivyo, kula kidogo kuliko ulivyokula ujanani ni jambo moja, na kuacha sahani ikiwa imejaa wiki nzima ni jambo jingine kabisa. Mzee aliyeacha kula ana sababu, na mara nyingi sababu hiyo iko mahali fulani kwenye njia ndefu inayoanzia mdomoni na kuishia chooni. Muuguzi mzuri huipita njia hiyo yote kwa jicho na kwa mkono. Binti, mkwe na mjukuu wanaofanya kazi hiyohiyo nyumbani bila mshahara wanaweza kujifunza kuipita pia. Mimi naanzia mwisho wa njia, kwa sababu huko ndiko tunakoona haya kutazama.

Kiti chenye tundu

Tatizo la choo cha usiku hutatuliwa na fundi seremala kabla ya daktari. Kiti imara cha mbao chenye mikono, kilichokatwa tundu kwenye kikalio, na ndoo yenye mfuniko chini yake, kikiwekwa hatua mbili kutoka kitandani, kinamrudishia mzee uhuru wa kunywa chai yake ya jioni. Choo cha nje kitiwe nguzo ya kushika na taa ndogo ya sola. Kuchuchumaa kwenyewe hakuna ubaya. Ndio mkao unaoinyoosha njia ya choo na kurahisisha haja. Shida ni kwamba magoti yaliyokwisha hayawezi kumwinua tena. Akitumia kiti, basi awekewe kigoda chini ya nyayo ili magoti yapande juu kidogo ya nyonga, aegemee mbele, na mkao ule wa kuchuchumaa utakuwa umepatikana bila maumivu.

Saa nayo ina maana yake. Chakula kinapoingia kwenye tumbo lililolala tupu usiku kucha, utumbo mpana hupata msukumo wa kujikunja na kusogeza kilichomo. Nusu saa hivi baada ya chai ya asubuhi ndio wakati wa kumsindikiza chooni, kila siku, bila kumharakisha na bila kumsimamia mlangoni.

Nani amsindikize? Familia nyingi huliacha swali hili lijijibu lenyewe, na jibu linamwangukia mtu asiyefaa. Katika jamii zetu nyingi mama mkwe hawezi kuvuliwa nguo na mkwe wake, na yupo mama atakayelala na njaa kuliko kumwita mwanawe wa kiume saa nane za usiku. Mjukuu ana nafasi ambayo wengine hawana, maana utani wa bibi na mjukuu unaruhusu hata mazungumzo ya haja. Ndugu wanaopanga zamu za kumtunza mzee walizungumze jambo hili waziwazi, na mzee mwenyewe aulizwe kwanza, kwa adabu, faraghani: mama, ungependa nani akushike mkono usiku?

Kupata choo chini ya mara tatu kwa wiki, au kukipata kwa kujikamua hadi jasho, ni kufunga choo. Wengi wetu tunajua kushauri papai, mboga za majani, maharage na ugali wa dona. Kinachosahaulika ni kwamba nyuzinyuzi hizo zinahitaji maji; zikimezwa na mtu aliyekauka hukazana ndani na kuongeza mzigo. Wataalamu wa lishe wa Ulaya wanapendekeza mwanamke mzee anywe kiasi cha lita 1.6 za vinywaji kwa siku na mwanamume lita 2, na wanasisitiza kwamba kiu haiaminiki tena katika umri huo, kwa sababu mwili wa mzee unaweza kukauka bila yeye kuhisi. Asisubiri kiu, basi. Akinywa sehemu kubwa kabla ya saa tisa alasiri, kikombe kimoja cha jioni kitamtosha. Mwenye moyo uliodhoofika au figo zilizochoka afuate kiwango alichopangiwa na daktari.

Lipo kosa moja ambalo natamani kila anayetunza mzee alijue. Choo kigumu kikiziba njia, majimaji hupenya pembeni yake na kuchafua nguo. Nyumbani wanasema anaharisha, wanampa vidonge vya kuzuia kuharisha, na kizibo kinazidi kukaza. Mzee aliyekosa choo siku kadhaa kisha akaanza kuvuja kidogokidogo apelekwe zahanati, apimwe na mtu anayejua, kwa kidole kilichovaa glovu. Wasimwingizie maji ya sabuni njia ya haja kubwa, kwani sabuni huchoma utando laini wa utumbo. Tumbo likivimba, akawa anatapika na hapitishi hata hewa, hiyo ni dharura ya kukimbilia hospitali usiku huohuo.

Nyumba nyingi pia hushtuka mzee anapopotewa na akili ghafla. Jana alikuwa akisimulia vizuri, leo anaita waliokwisha kufa na hajui ni asubuhi au jioni. Kabla familia haijaanza kumtafuta aliyemroga, iulize lini alipata choo, lini alikunywa maji, na kama ana homa au anaumia akikojoa. Kukauka maji, choo kilichoziba, na maambukizi ya njia ya mkojo au mapafu vyote huweza kuvuruga akili ya mzee kwa siku moja, na vyote vinatibika.

Mdomoni

Mwombe ruhusa, washa tochi, tazama ndani. Inashangaza jinsi kitendo hiki kidogo kinavyorukwa, hata mahali ambapo mgonjwa amefunguliwa faili nene. Kuna jino lililooza hadi kwenye mzizi. Kuna utando mweupe wa fangasi unaofanya kila kijiko kiwashe. Kuna ulimi uliokauka kwa sababu ya dawa: vidonge vya kupunguza maji mwilini, vya mzio na vya usingizi vinaweza kukausha mate, na ugali bila mate haumezeki hata ukiwa na mchuzi. Kwa mwenye meno bandia, fizi husinyaa kadiri mwili unavyokonda, na meno yaliyomkaa vizuri miaka mitano iliyopita leo yanacheza na kumchubua. Atasema hana hamu, kumbe anaumia.

Usafi wa kinywa unalinda pia mapafu. Mwaka 1999 watafiti wa Japani walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka miwili wakazi wa makao 11 ya wazee. Kundi moja lilisafishwa kinywa baada ya kila mlo. Jingine liliendelea na mazoea yake. Nimonia iliwapata asilimia 19 ya wale ambao hawakupata usafi huo, na asilimia 11 ya waliosafishwa. Faida ilionekana hata kwa vibogoyo. Sababu inaeleweka: vijidudu vya mdomo mchafu huteleza na mate usiku na kuingia mapafuni. Mswaki laini, maji safi, na kwa asiye na meno kitambaa safi kilicholowanishwa, kisha dakika chache baada ya kula. Huo ni uuguzi wa kiwango cha juu, na hauhitaji umeme.

Kooni

Anayelisha mzee aliyelala chali anakaribisha chakula kwenye mapafu yake. Sijui namna ya kulisema hili kwa upole zaidi, kwa sababu nimeona linavyofanywa kwa mapenzi makubwa: mama amelala, binti amekaa ukingoni mwa kitanda, kijiko kikubwa cha uji kinaingia, mama anakohoa, binti anampigapiga mgongoni na kuendelea.

Mzee akae wima, ikiwezekana kwenye kiti, miguu imegusa chini. Kama hawezi kutoka kitandani, ainuliwe kwa mito hadi mgongo usimame. Kidevu kishuke kidogo kuelekea kifuani. Anayelisha akae chini, usawa wa macho yake. Ukisimama, mzee atainua kichwa kukutazama na koo litafunguka upande wa mapafu. Tumia kijiko cha chai. Subiri ameze, uone koromeo limepanda na kushuka, ndipo ulete kingine. Asiongee akiwa na chakula mdomoni, na redio izimwe kama inamvuta. Baada ya kula aendelee kukaa wima nusu saa.

Kwa aliyepata kiharusi kuna hatari nyingine. Baadhi yao hupaliwa bila kukohoa, kwa kuwa hisia ya koo imekufa ganzi. Sikiliza sauti yake baada ya kumeza: ikiwa imelowa, kama ya mtu anayezungumza na maji kooni, simamisha mlo. Homa zinazorudirudi na kifua kinachokoroma vinasema jambo hilohilo. Ajabu kwa wengi ni kwamba maji na chai humpa shida kuliko uji mzito, maana majimaji hukimbia kabla koo halijajiandaa. Supu yenye vipande vinavyoelea ni ngumu zaidi, kwa sababu inamtaka ameze vitu viwili vyenye mwendo tofauti kwa wakati mmoja. Iponde yote iwe kitu kimoja. Muuguzi au mtaalamu wa kumeza amwone kabla familia haijaamua nini kinafaa.

Hapa lazima niseme juu ya umio, ile njia inayoshuka kutoka kooni hadi tumboni. Afrika Mashariki imo katika ukanda wenye saratani ya umio kwa wingi usio wa kawaida, ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia hadi kusini mwa bara. Madaktari wa Moshi nchini Tanzania na wa Bomet nchini Kenya wameichunguza kwa miaka mingi, kwa sababu wagonjwa wanawafikia kila mara, na wengi wanafika wakiwa wamechelewa. Wanachelewa kwa namna inayojulikana. Kwanza nyama inakwama kifuani, anaiacha. Kisha ugali unakwama, anahamia wali laini, halafu uji, halafu maziwa. Kila hatua familia inaiona kuwa ya kawaida kwa mzee, na inampikia kwa upendo chakula chepesi zaidi. Mtu yeyote ambaye chakula kigumu kinamkwama kwa wiki kadhaa, huku akikonda, anahitaji kupimwa kwa kamera inayoingizwa kooni, mapema iwezekanavyo. Na kwa tunaopenda chai ikitokota: mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 miongoni mwa vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani hiyo. Iache ipoe kidogo.

Tumboni hadithi kubwa ni ya dawa. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa dukani kwa ajili ya magoti, huchubua tumbo, na mzee anaweza kuvuja damu ndani bila maumivu makali. Dalili ni choo cheusi kinachonata kama lami, na kizunguzungu. Vidonge vya madini ya chuma navyo hugeuza choo kuwa cheusi na kukifanya kigumu, kwa hiyo muuguzi aambiwe kila anachomeza. Metformini ya kisukari huweza kuondoa hamu na kuleta kuharisha. Ikitumiwa miaka mingi, sawa na omeprazoli ya kiungulia, inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, vitamini ambayo tumbo lililozeeka tayari linapata taabu kuifyonza. Upungufu wake huleta ganzi ya miguu, upungufu wa damu na usahaulifu. Siku ya kliniki weka dawa zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za mitishamba, uzimwage mezani mbele ya mtoa huduma.

Ndani ya bakuli

Uji mwembamba wa mahindi, uliotiwa sukari, umekuwa chakula rasmi cha mzee anayeumwa. Unashuka vizuri, na mwenye kuuandaa anahisi ametimiza wajibu. Lakini sehemu kubwa ya kile kikombe ni maji, na tumbo dogo linalojazwa maji halina nafasi ya kitu kingine.

Kinachohitajika ni kingi kuliko tunavyodhani. Mapendekezo ya kitaalamu kwa mzee mwenye afya ni gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kila siku, na akiwa mgonjwa au ana kidonda kiwango hupanda hadi 1.2 au 1.5. Mtu mzima wa kawaida hupangiwa 0.8. Yaani bibi wa kilo 50 anahitaji gramu 50 hadi 60, na kwa kila kilo ya mwili wake anahitaji zaidi ya mjukuu wake anayebeba zege. Yai moja lina gramu 6. Glasi ya maziwa ina 8. Gramu 100 za samaki aliyepikwa zina 20 hivi, na kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15. Chai ya rangi na vipande viwili vya mkate, asubuhi na jioni, haviwezi kufika huko. Mwenye ugonjwa wa figo tu ndiye apangiwe kiasi na wataalamu wake kabla ya kuongeza.

Jikoni tuna kila kitu cha kuliponya bakuli hilo. Uji wa ulezi upikwe kwa maziwa, ukorogwe na kijiko cha karanga zilizosagwa, ziwe karanga safi zisizo na ukungu kwa sababu ya sumukuvu. Wachaga wana mtori, ndizi na nyama vilivyopikwa vikapondwa hadi vikalainika, na sijui chakula cha mgonjwa kilichobuniwa kwa akili zaidi ya hicho. Pwani kuna mchicha na tui la nazi, na samaki anayetolewa miiba kwa subira. Maharage yapondwe na kupitishwa kwenye chujio ili maganda yabaki. Dagaa wakaushwe, wasagwe, unga wao uingie kwenye mchuzi. Parachichi na maziwa mgando havihitaji meno. Mpe kidogo mara tano au sita badala ya sahani kubwa mara mbili, na chakula kizito zaidi kiwe asubuhi au mchana, wakati hamu ipo. Chai ya rangi isogezwe mbali na mlo, maana inazuia madini ya chuma yasifyonzwe. Ila aliyekaa siku nyingi bila kula asishindiliwe ghafla. Mwili uliozoea ukame huweza kuvurugika vibaya chumvi zake, hata moyo ukayumba. Aanze kwa kiasi kidogo, chini ya uangalizi.

Nina ugomvi na makatazo yasiyokoma. Mzee ana kisukari, sukari marufuku. Ana presha, chumvi marufuku. Mafuta marufuku. Nyama nyekundu marufuku. Mwisho sahani inabaki na kitu kisicho na ladha, mbele ya mtu ambaye ulimi wake tayari umefifia. Masharti aliyopewa akiwa na miaka 55 na kilo 80 hayawezi kubaki yaleyale akiwa na miaka 80 na kilo 48. Yarudishwe kwa daktari yapitiwe upya, kwa sababu kwa mwili uliokonda hatari ya njaa huwa karibu kuliko hatari nyingine nyingi. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na iliki vinaweza kurudisha utamu bila kuongeza chumvi wala sukari.

Tutazame pia namna tunavyokula. Kula pamoja kwenye sinia ni mapenzi, lakini mzee hutafuna polepole, na chakula kinakwisha mkono wake ukiwa umefika mara tano tu. Bibi naye ana tabia ya kusukuma kipande chake cha nyama upande wa mjukuu. Amefanya hivyo miaka yote ya malezi, hataacha leo kwa kukatazwa. Itengwe sehemu yake mapema, kwenye bakuli lake, aile akiwa kwenye mkeka uleule na wenzake. Kumpelekea chumbani peke yake ni kumwondolea kiungo kikubwa kuliko vyote, kwani wapweke hula kidogo, na mfiwa ambaye kwa miaka arobaini alikula na mwenzi wake anaweza kupoteza sababu ya kufungua sufuria. Mzee aliyeacha kula, haongei, anaamka alfajiri na kulia, huenda ana sonona, ugonjwa wenye tiba.

Kwa wafungaji, mwezi wa Ramadhani unaleta swali ambalo wazee wengi wanaona aibu kulitamka. Sheria ya Uislamu imempa nafuu mkongwe asiyeweza kufunga: alishe maskini mmoja kwa kila siku anayoiacha. Familia imsaidie kuishika nafuu hiyo bila kumfanya ajione amepungukiwa imani, na anayetumia dawa za kisukari amwone daktari kabla mwezi haujaandama.

Aliyepoteza kumbukumbu ana njia yake ya kurudishwa mezani. Kijiko kinaweza kuwa kitu kigeni mkononi mwake, lakini jagi na beseni vikija, maji ya uvuguvugu yakimiminika kwenye vidole, mwili wake huenda ukakumbuka kwamba sasa ni kula. Mpe vyakula vya kushika: kiazi kitamu kilichochemshwa, ndizi, yai lililokatwa vipande. Sahani moja, chakula kimoja kwa wakati mmoja.

Wodini

Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi kilichotoka Uingereza mwaka 1859, alitenga sura mbili kwa chakula cha mgonjwa, akilalamika kwamba wagonjwa wengi hufa njaa huku chakula kikiwapo, kwa kuwa hakuna aliyejali namna ya kuwawezesha kukila. Lalamiko hilo bado linahusu wodi zetu. Hotipoti inaletwa na ndugu saa ya kuona wagonjwa, inaachwa kwenye kabati pembeni ya kitanda, kengele inalia, ndugu wanatoka. Mzee hafiki kwenye kabati, au anafika lakini hana nguvu ya kufungua mfuniko. Jioni ndugu wanachukua hotipoti ikiwa nzito vilevile. Muuguzi mmoja aliyeachiwa wodi nzima hawezi kumlisha kila mtu, na simlaumu. Lakini hospitali inaweza kumruhusu ndugu mmoja abaki wakati wa mlo, na kile kilicholiwa kikaandikwa kwenye chati kama joto na presha vinavyoandikwa.

Mrija wa puani unaokoa maisha, hasa kwa mwenye kiharusi katika wiki za mwanzo. Kabla ya kupitisha chochote, ithibitishwe kwamba ncha yake iko tumboni kwa kupima ukali wa tindikali ya majimaji yaliyovutwa au kwa picha ya eksirei. Kusikiliza upepo kwa stetoskopu hakutoshi. Kichwa cha kitanda kiinuliwe. Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau uliofika ukingoni hali ni tofauti. Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2014 kwamba mrija haupendekezwi kwao, na kwamba kulishwa kwa mkono kwa uangalifu ndiko kunakofaa, kwa sababu mrija hauwaongezei maisha wala kuzuia nimonia. Ndugu wanaokubali vijiko vitatu vya uji na mdomo uliolowanishwa vizuri wasiambiwe na yeyote kwamba wamemwacha mama afe njaa.

Uzito wa bibi

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mwenye miaka 60 na zaidi, na leo vituo vingi vina dirisha la wazee ili wasisimame foleni. Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii Aprili 2016 kwa wenye miaka 70 na kuendelea, shilingi 20,000 kwa mwezi, ambazo baadaye zilipandishwa hadi 50,000. Kenya inawalipa wazee wa umri huo shilingi 2,000 za huko kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii. Hatua hizi ni za kweli, na mayai mengi yameliwa kwa sababu yake.

Bado kuna pengo linaloniumiza. Mjukuu wa miezi tisa ana kadi ya kliniki yenye mstari wa uzito, na mstari ukishuka muuguzi anamwita mama yake pembeni. Bibi yake, aliyekaa benchi la pili siku hiyohiyo, anapewa dawa za presha na kurudi nyumbani bila kupanda mzani, na kama amepanda, hakuna anayelinganisha na mwezi uliopita. Nyumbani ishara zipo: pete inateleza, mkanda umetobolewa tundu jipya, kanga inajifunga mara mbili. Kwa asiyeweza kusimama kwenye mzani, futi ya fundi cherehani inatosha. Ipitishwe mahali shavu la mguu liliponenepa zaidi. Ikisoma chini ya sentimita 31, hiyo ni dalili ya hatari inayokubalika katika kipimo kifupi cha lishe ya wazee kinachotumika duniani kote. Kipimo chenyewe kina maswali sita, kuhusu kula, kukonda, kutembea, ugonjwa au mshtuko wa karibuni, hali ya akili, na ukubwa wa mwili, na alama zake ni 14. Anayepata 7 au chini ana utapiamlo. Anayepata 8 hadi 11 yuko njiani kuelekea huko.

Maswali sita yanaulizwa kwa dakika chache, na futi inakaa kwenye droo ya dirisha la wazee bila kudai nafasi. Kadi ya mzee ikiongezwa safu moja ya kilo na safu moja ya sentimita, anayemhudumia mwezi ujao ataona mstari unakwenda wapi. Halmashauri inaweza kuamua hilo bila kungoja wizara. Wewe unayemsindikiza mama kliniki wiki ijayo unaweza kuanza hata kabla ya halmashauri: omba apandishwe mzani, andika kilo nyuma ya kadi yake na tarehe, na mwezi unaofuata umwonyeshe muuguzi namba zote mbili.